Kipimo cha Mama na Kipimo cha Mtoto Mchanga

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kipimo cha damu, maana nimeona nyumba nzima ikilia kwa sababu ya kipimo kilichosomwa vibaya, na kilio chenyewe kilikuwa cha bure.

Mama mmoja kijana, wa kijiji kimoja cha huku Kanda ya Ziwa, alijifungua mtoto wa kike, mzaliwa wake wa kwanza. Tangu alipoanza kwenda kliniki na mimba yake alijua kwamba anavyo virusi vya UKIMWI. Mumewe alijua pia. Mama akameza dawa zake kila siku, akajifungulia hospitali, mtoto akapewa dawa yake ya maji. Alipotimiza majuma 6 mtoto akachomwa kisigino, damu ikatiwa katika karatasi, karatasi ikapelekwa mbali kupimwa. Wakaambiwa warudi kuchukua majibu. Hawakurudi. Mvua zilikuwa zimeshika, nauli hakuna, na shamba la mpunga halimngoji mtu.

Mtoto alipokuwa na miezi 4 akashikwa na homa na kuharisha. Wakampeleka katika zahanati ya jirani, si ile waliyoizoea. Pale mhudumu akamtoboa, akaangusha tone la damu juu ya kile kipimo kidogo cha haraka mnachokijua nyote, wakangoja kama robo saa. Mistari 2 ikatokea. Mhudumu akasema, "Huyu naye anavyo," kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani baba mtu hakusema neno siku 3. Mama mkwe akasema mtoto huyu si wa kukaa, afadhali wasipoteze fedha. Na mama mwenyewe, nalo ndilo lililonitisha kuliko yote, akavificha vidonge vyake darini asivimeze tena. Aliniambia baadaye, "Nilikuwa nameza kwa ajili ya mtoto. Kama mtoto amekwisha kupata, za nini?"

Shangazi yake ndiye aliyemwinua, akampakia pikipiki na mtoto wake mpaka hospitali. Nesi akafungua daftari. Jibu la ile karatasi ya kwanza lilikuwa limefika zamani, limekaa pale likiwangoja wenyewe: virusi havikuonekana. Nesi akachukua damu nyingine, kwa kuwa mama alikuwa ameacha dawa majuma kadhaa huku akinyonyesha, akamrudisha katika dawa siku ile ile. Karatasi ya pili nayo ikarudi na jibu kama la kwanza. Mtoto alikuwa akiharisha tu, kama watoto wengine waharishavyo.

Sasa mtaniuliza: je, kile kipimo cha zahanati kilisema uongo? La. Kilisema kweli tupu. Mhudumu ndiye aliyekisikia vibaya.

Tazameni. Kipimo kile cha haraka hakitafuti virusi, wala hakivioni. Chatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupigana na adui fulani. Kila adui ana askari wake. Wa surua si wa UKIMWI. Wafikirini sungusungu wa kijijini. Mpita njia akiwakuta usiku wameamka, yowe limepigwa na mishale mkononi, atasema, "Hapa mwizi ameingia," hata kama mwizi mwenyewe hakumwona. Kwa mtu mzima twaweza kulitegemea neno hilo, maana askari wa virusi hivi hawaamki kama virusi havijaingia mwilini. Ndiyo maana kipimo kikionyesha mistari 2 mganga hurudia kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kumwambia mtu, na vipimo vikikubaliana, jibu ni hilo.

Lakini mtoto aliye tumboni huazimwa askari na mama yake. Kingamwili za mama hupita katika kondo la nyuma zikaingia katika damu ya mtoto, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Ni zawadi kubwa: kwa sababu hiyo mtoto mchanga wa mama aliyewahi kuugua surua huwa amekingwa nayo miezi yake ya kwanza. Mama hawezi kuchagua awape watoto askari wa surua akawazuia wa UKIMWI. Wote huenda. Basi mama mwenye virusi humpa mtoto askari wa virusi, hata kama virusi vyenyewe havikumfikia mtoto kabisa. Askari hao wa kuazimwa hupungua polepole. Kwa watoto wengi hutoweka karibu na umri wa mwaka mmoja au baadaye kidogo, na kwa wengine hukaa hata miezi 18.

Kwa hiyo, mtoto akipimwa kwa kipimo cha haraka kabla ya miezi 18 na mistari 2 ikatokea, kipimo kimesema jambo moja tu: mama aliyemzaa ana virusi. Na jambo hilo katika nyumba ile lilijulikana tangu mwanzo.

Msidhani nakidharau kipimo hicho kwa watoto. Bibi akiletewa mjukuu yatima wa miezi 5, na hajui binti yake aliugua nini huko mjini, kipimo cha haraka kitamsaidia sana. Mistari 2 ikitokea, ajue kwamba mtoto alizaliwa katika hatari, na kipimo cha pili chatakiwa upesi.

Kipimo hicho cha pili hutafuta mwizi mwenyewe. Virusi vina maandishi yao ya urithi, ambayo wataalamu huyaita vinasaba. Virusi vya UKIMWI vikiingia katika chembe nyeupe ya damu huyachomeka maandishi yao katikati ya maandishi ya chembe ile, kama mtu aliyeingiza jina lake kwa siri katika daftari la kijiji. Kazi ya kipimo ni kulitafuta jina hilo. Shida ni kwamba katika tone moja la damu maandishi yaweza kuwa machache mno, hayaonekani kwa namna yoyote. Basi mashine huyanakili. Hupasha moto na kupoza, hupasha na kupoza, na kila mara nakala huwa maradufu: moja huwa 2, mbili huwa 4, nne huwa 8. Baada ya mara 10 nakala moja imekuwa 1,024. Baada ya mara 20 zimepita milioni moja. Baada ya mara 30 zimepita milioni 1,000, na hapo mashine haiwezi kukosa kuziona. Kama jina la virusi halimo katika damu ile, hakuna kitakachonakiliwa. Mkisikia waganga wakitaja PCR, ndiyo kazi hii. Askari wa kuazimwa hawawezi kuidanganya, maana haiwatazami.

Fikra ya kunakili hivyo alipata Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na mwaka 1993 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka ule ule wa 1983, huko Paris, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier na wenzao walivitambua virusi vyenyewe. Na mwaka ule ule, huku kwetu mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa. Watu hawa hawakujuana. Kipimo cha kingamwili kilipatikana kwanza, kikaruhusiwa Marekani mwaka 1985, kwa sababu ni rahisi zaidi. Cha vinasaba kilikawia kutufikia, na kukawia huko kuliwagharimu sana watoto.

Maana kwa miaka mingi mama wa kijijini aliambiwa, "Ngoja mtoto atimize miezi 18, ndipo tutajua." Nanyi hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa na virusi, asipopata dawa, nafasi yake ni mbaya sana: kama theluthi ya watoto hao hufa kabla ya kutimiza mwaka, na nusu kabla ya miaka 2. Wengi huondoka katika miezi ya kwanza, wanapokuwa na miezi 2 au 3. Kumwambia mama angoje miezi 18 kulikuwa sawa na kumwambia wengine hawatafika siku ya jibu. Mwaka 2008 madaktari wa Afrika Kusini walitangaza waliyoyaona kwa watoto wenye virusi: wale walioanzishiwa dawa kabla ya kutimiza majuma 12, ijapokuwa walionekana wazima, walikufa wachache zaidi kwa asilimia 76 kuliko wale waliongojewa mpaka dalili zionekane. Tangu hapo hakuna mganga mwenye akili aliyeona sababu ya kungoja.

Sasa nieleze namna kipimo cha karatasi kinavyofanyika, kwa kuwa wengine huogopa. Mtoto hapelekwi mbali. Nesi hupasha mguu wa mtoto joto kidogo, hukisafisha kisigino, hukichoma pembeni, na matone machache huangushwa katika viduara vilivyochorwa kwenye karatasi maalumu. Mtoto hulia kitambo kidogo kisha hunyonya akanyamaza. Karatasi huachwa ikauke saa kadhaa kivulini. Si kama dagaa, juani haifai, na mtu asiguse vile viduara kwa vidole. Ikisha kukauka hutiwa katika mfuko pamoja na kitu cha kunyonya unyevu, na hapo haihitaji barafu wala sanduku baridi. Yaweza kusafiri kwa basi mpaka maabara kubwa, kama ile ya Bugando, Mwanza. Tone lililokauka laweza kukaa majuma na bado likasomeka. Kwa mtu aliyebuni hivyo nasema asante, maana kama ingehitajika damu mbichi na barafu, watoto wa vijijini wasingepimwa kabisa. Siku hizi hospitali nyingine zina mashine ndogo, jamaa ya zile zipimazo kifua kikuu, nazo hutoa jibu siku ile ile. Ulizeni kama ipo karibu nanyi.

Lakini pale pasipo na mashine, karatasi huenda na jibu hurudi, na hapo ndipo watu wengi huanguka kama wale niliowasimulia. Jibu haliji lenyewe mpaka mlangoni. Acheni namba ya simu kliniki, kama si yenu, ya shangazi au ya jirani mnayemwamini. Andikeni tarehe mliyoambiwa. Na akina baba, hapa nawasemesha ninyi: nauli ya kufuata karatasi hiyo ni deni lenu, tena mkiweza nendeni wenyewe pamoja na mama. Mama akienda peke yake akapokea jibu zito, hurudi nalo peke yake njia nzima.

Jambo jingine lipasalo kueleweka ni kwamba jibu la majuma 6 si jibu la mwisho. Latoa habari za tumboni, za siku ya kuzaliwa na za siku chache baadaye. Mtoto akiendelea kunyonya, hatari huendelea, ijapokuwa mama akimeza dawa zake sawasawa hupungua sana. Tena dawa zenyewe, zile amezazo mama na zile apewazo mtoto, zaweza kuvificha virusi vichache visionekane mara ya kwanza. Kwa hiyo mtoto hupimwa tena kwa kipimo cha vinasaba akiwa na miezi 9, na wakati wowote akionekana mgonjwa. Kipimo cha mwisho huja akitimiza miezi 18, au kama miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, lile litakalochelewa. Hapo askari wa kuazimwa wamekwisha kuondoka, na kile kipimo cha haraka, ambacho mwanzo hakikufaa kutoa hukumu, sasa chafaa. Wala msimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Mama anayemeza dawa anyonyeshe, miezi 6 ya kwanza maziwa yake peke yake bila uji wala maji.

Na ikiwa jibu la karatasi lasema virusi vipo? Mtoto aanze dawa siku ile ile. Damu nyingine huchukuliwa kwa uhakika, lakini dawa haingojei jibu la pili. Wako vijana wengi leo waliozaliwa hivyo, wanasoma, wanalima, wengine wamekwisha kuoa.

Najua swali litakalofuata, maana mzee mmoja aliniuliza kwa hasira kidogo: "Kama hicho cha vinasaba kinamwona mwizi mwenyewe, kwa nini sisi wazee mnatupima kwa kile cha kubahatisha?" Mzee wangu, hakibahatishi. Kwako wewe askari hawakuazimwa na mtu. Na cha vinasaba chahitaji mashine, fundi na fedha nyingi, ilhali cha haraka hufanyika chini ya mwembe. Tofauti kubwa kwa mtu mzima ni siku za mwanzo. Virusi vikiingia leo, askari hawaamki kesho. Kipimo cha vinasaba kwa kawaida huweza kuvigundua kati ya siku 10 na 33. Cha kingamwili huchukua kati ya siku 23 na 90. Kwa hiyo mtu aliyejitia hatarini juzi, akapima leo akaona mstari mmoja, asishangilie mbele ya mkewe. Arudi akitimiza miezi 3. Kwa ajili hiyo pia mama mjamzito aliyeonekana hana virusi mimba ikiwa changa hupimwa tena baadaye. Asiudhike, wala mume asiseme kwamba anadharauliwa.

Tena kuna mahali ambapo kipimo cha vinasaba ndicho kiwezacho kumpoteza mtu. Amezaye dawa vizuri hufika mahali virusi katika damu yake havionekani. Ni habari njema sana, maana mtu huyo hamwambukizi mwenzake katika ndoa. Lakini mwizi hajatoka nyumbani. Amelala uvunguni, naye akisikia dawa zimekoma huamka. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alianzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 tu. Alipokuwa na miezi 18 hivi akaacha kuletwa hospitali, dawa zikakatika. Aliporudishwa, madaktari walistaajabu: virusi havionekani, na askari nao hawapo. Mwaka 2013 ikatangazwa duniani kote kama amepona. Mwaka 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vikatokea tena. Basi mtoto wenu aliyeanzishiwa dawa mapema, akipimwa baadaye kwa kipimo cha haraka na mstari mmoja ukaonekana, msikimbilie kutupa chupa. Huenda askari wake hawakuumbwa kwa sababu dawa ziliwahi mno. Mwulizeni daktari aliyemwanzishia, si jirani, wala si yule aliyempima sokoni.

Yule mtoto wa hadithi yetu aliachishwa ziwa akiwa na miezi 20, na kwenye miezi 23 akapelekwa kwa kipimo cha mwisho. Aliyembeba siku hiyo ni mama mkwe yule yule. Mstari ulikuwa mmoja. Bibi akauliza mara mbili kama ule wa pili hautakuja kuchelewa, nesi akamwonyesha saa ukutani, wakangoja pamoja dakika zilizobaki, kisha wakaenda zao kuwahi gari.

Juma lijalo nitawajibu wale walioniuliza juu ya uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6: unga gani, mzito kiasi gani, na mara ngapi kwa siku.